Marufuku ya pombe ya Marekani haikuanza na Al Capone

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo hunisikitisha kila msimu wa kazi za mradi unapofika, wanafunzi wanaosoma historia ya Marekani wanapoanza kuniletea rasimu zao. Wengi wao huchagua marufuku ya pombe iliyodumu nchini humo kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, nami siwalaumu hata kidogo, maana ni mada yenye watu wa kukumbukwa, yenye mwanzo na mwisho unaojulikana kwa tarehe, na yenye nyaraka tele ambazo mwanafunzi anaweza kuzisoma mwenyewe bila kumtegemea mtu wa kumsimulia. Kinachonisikitisha ni kwamba karibu rasimu zote hufunguka kwa namna moja: jambazi Al Capone, jiji la Chicago, bunduki, na watu saba waliouawa ndani ya gereji tarehe 14 Februari 1929. Baada ya hapo mwandishi hurudi nyuma kwa aya moja, akaeleza kwamba watu wa dini walishinikiza serikali ikataze pombe, kisha akarukia hitimisho kwamba sheria ilishindwa kwa sababu binadamu hakatazwi kunywa.

Mwanafunzi aliyeanza na Capone ameanzia mwishoni. Kuvunjika kwa marufuku ni rahisi kusimulia, na pengine ndiyo maana kunapendwa. Kigumu ni kueleza ilivyowezekana kupita. Kubadilisha katiba ya Marekani kunahitaji theluthi mbili ya kura katika Seneti na theluthi mbili katika Baraza la Wawakilishi, kisha robo tatu ya majimbo yaridhie, na wakati ule majimbo yalikuwa 48, kwa hiyo yalihitajika 36. Marekebisho ya 18 ya katiba, yaliyoweka marufuku hiyo, yalitoka bungeni Desemba 1917, Mississippi ikawa jimbo la kwanza kuyaridhia Januari 1918, na tarehe 16 Januari 1919 Nebraska ikatimiza hesabu ya 36. Ni miezi 13 tu. Hatimaye ni Connecticut na Rhode Island pekee zilizobaki bila kuridhia. Jambo lililopita kwa kasi hiyo na kwa wingi huo halielezeki kwa maneno mawili matatu kuhusu wachungaji na mahubiri, na asiyelieleza hawezi kuwa na la maana la kusema kuhusu kuanguka kwake miaka michache baadaye.

Niruhusu nianze na maandishi ya sheria yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Siku moja nilikaa na mwanafunzi ambaye rasimu yake ilisema kwamba kuanzia Januari 1920 Mmarekani aliyekutwa anakunywa pombe alifungwa jela. Nilimpa nakala ya Marekebisho ya 18, ambayo kifungu chake kikuu ni sentensi moja, nikamwomba apigie mstari kila tendo lililokatazwa. Alipiga mstari chini ya kutengeneza, kuuza na kusafirisha, akaongeza kuingiza nchini na kupeleka nje, halafu penseli ikasimama. “Kunywa kuko wapi, mwalimu?” aliniuliza. Hakuko. Wala kununua hakumo. Akarudia tena sentensi nzima kwa sauti, neno kwa neno, akiwa na hakika kwamba ameruka mahali, na alipofika mwisho alichukua ufutio akafuta karibu ukurasa mzima bila mimi kumwambia neno.

Ukishaliona hilo, mengine mengi hueleweka. Marekebisho yenyewe yalitoa mwaka mmoja baada ya kuridhiwa kabla hayajaanza kutumika, kwa hiyo mwenye fedha aliweza kununua shehena akaijaza chini ya nyumba yake, na baada ya tarehe 17 Januari 1920 akaendelea kuinywa na wageni wake nyumbani bila kuvunja sheria yoyote ya nchi. Kibarua aliyezoea kununua glasi moja jioni hakuwa na shehena wala pa kuiweka. Tofauti hiyo ya kitabaka ilikuwa imeandikwa ndani ya sheria tangu siku ya kwanza, haikuletwa na polisi wabaya peke yao, na mwanafunzi anayeiona katika maandishi anajifunza kitu kuhusu sheria ambacho hadithi za majambazi haziwezi kumfundisha.

Vivyo hivyo kwa neno lenyewe “vileo”. Marekebisho hayakusema kileo ni nini. Kazi hiyo ilifanywa na sheria ya utekelezaji inayojulikana kwa jina la Andrew Volstead, mbunge wa Minnesota, ambayo Rais Woodrow Wilson aliikataa Oktoba 1919 na Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake mara moja. Sheria hiyo ilisema kinywaji chochote chenye nusu ya asilimia moja ya alkoholi au zaidi ni kileo. Wako waliounga mkono marekebisho wakidhani yanalenga wiski na pombe kali nyinginezo, na kwamba bia na mvinyo mwepesi vingeachwa. Nusu ya asilimia iliwafungia mlango. Ninaamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya hasira iliyofuata ilitokana na namba hiyo moja, na ninashangaa ni mara chache kiasi gani ninaikuta katika rasimu za wanafunzi.

Sasa nije kwenye swali la ilivyopita. Mwanafunzi anayetaka kulijibu lazima arudi nyuma karibu miaka 100. Wanahistoria wanakadiria kwamba kufikia mwaka 1830 Mmarekani mtu mzima alikuwa anakunywa, kwa wastani, takriban lita 26 za alkoholi halisi kwa mwaka, yaani karibu mara tatu ya kiwango cha siku hizi. Wiski ya mahindi ilikuwa rahisi, na mtu alikunywa asubuhi, shambani, karakana na mezani. Nani alilipa gharama? Kwa sehemu kubwa ya karne ile, katika majimbo mengi, mshahara na mali ya mwanamke aliyeolewa vilikuwa chini ya mamlaka ya mumewe, talaka ilikuwa ngumu kupatikana, na kura hakuwa nayo. Mume akiumaliza mshahara kilabuni Jumamosi usiku, mke hakuwa na mahakama wala mbunge wa kumwendea.

Ndiyo maana natamani kila mradi kuhusu mada hii ufike Hillsboro, mji mdogo wa Ohio, Desemba 1873. Wanawake wa mji ule, wakiongozwa na Eliza Thompson, walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja kwenye maduka ya dawa na vilabu vilivyouza pombe, wakapiga magoti, wakaimba na kusali, wakawaomba wenye biashara waache kuuza. Wengine walipofungiwa mlango walipiga magoti nje penye baridi. Mtindo huo ulienea katika miji mingi ndani ya miezi michache, na mwaka uliofuata, huko Cleveland, ukazaliwa Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kupinga Ulevi, ambao Frances Willard aliuongoza kuanzia 1879 hadi alipofariki 1898. Kuwaita wanawake hawa washupavu wa dini waliochukia furaha za wenzao, kama nilivyowahi kusoma katika rasimu moja, ni kutowatendea haki. Walikuwa watu wasio na silaha nyingine, na kwa Willard vita dhidi ya pombe vilifungamana na madai ya haki ya kura kwa wanawake ili waweze kulinda nyumba zao.

Hapo kuna kosa jingine la tarehe ambalo naomba walimu wenzangu walishike. Rasimu nyingi husema wanawake walipata kura, wakaitumia kupiga marufuku pombe. Marekebisho ya 19, yaliyowapa wanawake wa nchi nzima haki ya kura, yaliridhiwa Agosti 1920, wakati marufuku ilikuwa na miezi saba tangu ianze kutumika. Katika baadhi ya majimbo, hasa ya magharibi, wanawake walikuwa tayari wanapiga kura, na hilo lilisaidia, lakini wabunge waliopitisha Marekebisho ya 18 walichaguliwa kwa kura za wanaume zaidi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo ingempasa kila mwanafunzi aione kuwa inamhusu yeye mwenyewe, ni ile ya madarasa. Mary Hunt, mwalimu wa zamani aliyeongoza idara ya elimu katika umoja huo wa wanawake, aliamua kwamba kuwabadilisha walevi ni kazi ya kuchosha, na kwamba njia ya uhakika ni kumfikia mtoto kabla hajaonja. Alianza na Vermont mwaka 1882, akaenda jimbo kwa jimbo akiyashawishi mabunge yaamuru shule za umma zifundishe madhara ya pombe mwilini, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 kila jimbo lilikuwa na sheria ya namna hiyo. Vitabu vya kiada vilipaswa kupita mikononi mwake ili vipate idhini, na vingi vilifundisha mambo yaliyotiwa chumvi kuhusu kile ambacho hata kiasi kidogo cha pombe hukifanya tumboni na kwenye mishipa, kiasi kwamba mwaka 1903 jopo la wasomi lililojulikana kama Kamati ya Hamsini lilitoa ripoti ya kuyalaumu mafunzo hayo. Fanya hesabu: mtoto aliyekuwa na miaka kumi darasani mwaka 1890 alikuwa na miaka 37 Marekebisho yalipotoka bungeni. Kizazi kizima kilichopiga kura, kuhudhuria mikutano na kukaa katika mabunge ya majimbo mwaka 1918 kilikuwa kimekariri madhara ya pombe tangu utotoni. Mwanafunzi wa leo anayeandika mradi wa shule kuhusu marufuku ya pombe anaandika kuhusu jambo ambalo kwa sehemu lilijengwa na kazi za shule.

Baada ya wanawake na madarasa kuna mashine ya siasa. Anti-Saloon League, chama cha kupinga vilabu vya pombe kilichoanzishwa Oberlin, Ohio, mwaka 1893, hakikujishughulisha na haki za wafanyakazi, wala kura za wanawake, wala jambo lingine lolote. Kilimuuliza mgombea swali moja tu: utapiga kura gani kuhusu pombe? Akijibu vizuri alipewa kura za makanisa, awe wa chama chochote, na hata kama yeye binafsi alikuwa anakunywa. Wayne Wheeler, wakili aliyekuwa akili ya chama hicho, alielewa kwamba katika uchaguzi unaokaribiana, kikundi kidogo kinachohamia upande mmoja kwa pamoja kinaweza kumwangusha mtu mkubwa. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi kikundi cha shinikizo kinavyofanya kazi mahali popote hatapata mfano ulio wazi kuliko huu.

Kisha kodi, ambayo wanafunzi huipita kana kwamba haimo. Kabla ya 1913 ushuru wa vileo ulikuwa unaiingizia serikali kuu takriban theluthi moja ya mapato yake, na hakuna Bunge ambalo lingekata mkono unaolilisha. Marekebisho ya 16, yaliyoridhiwa Februari 1913, yaliiruhusu serikali kuu kutoza kodi ya mapato, na kuanzia hapo hoja kwamba nchi haiwezi kuishi bila fedha ya pombe ikaisha nguvu. Halafu vita. Marekani iliingia vitani dhidi ya Ujerumani Aprili 1917, na wenye viwanda vikubwa vya bia walikuwa na majina ya Kijerumani, na fedha zao zilikuwa zimeutegemeza umoja mkubwa wa Wamarekani wenye asili ya Ujerumani. Nafaka ilihitajika kwa ajili ya mkate wa askari. Katika miezi ile mtu aliyetetea bia alionekana anamtetea adui, na ndani ya miezi hiyohiyo ndipo Marekebisho yalipopigiwa kura.

Nimekaa sana katika sehemu hii kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayokosekana. Kuhusu miaka ya marufuku yenyewe nitasema machache, na zaidi nitasema kuhusu namna ya kuisoma.

Kuna picha ambayo wanafunzi wengi huiweka kwenye jalada la mradi. Wanaume waliovaa kofia wanamimina pipa la pombe kwenye shimo la maji taka New York, na upande wa kulia amesimama John Leach, naibu kamishna wa polisi, anatazama. Ni picha nzuri. Lakini mwanafunzi huibandika kama pambo, akaandika chini yake “polisi wakimwaga pombe”, akafunga jambo. Ningependa aulizwe: kwa nini ofisa mkubwa wa polisi asimame karibu na shimo la maji taka? Nani alimwita mpiga picha? Picha ya namna hii ilitengenezwa ili itazamwe, iwaonyeshe wasomaji wa magazeti kwamba serikali inafanya kazi. Sasa iweke kando ya ukweli mwingine: mwaka 1923 bunge la jimbo hilohilo la New York liliifuta sheria yake ya kutekeleza marufuku, na Maryland haikupitisha sheria ya namna hiyo hata siku moja. Serikali kuu ilianza na maofisa takriban 1,500 kwa nchi yenye mpaka mrefu na Kanada na pwani mbili za bahari. Picha na takwimu zikikaa pamoja, kila kimoja kinakisemea kingine.

Nyaraka nyingine ninayowashauri waitafute ni cheti cha daktari. Sheria iliruhusu pombe kwa matibabu, na Wizara ya Fedha ilichapa fomu maalumu, yenye nakshi nyuma ya maandishi kama noti ya benki ili isighushiwe, ambayo daktari alijaza jina la mgonjwa, aina ya pombe, kiasi, na maelekezo ya kuitumia, mwenye duka la dawa akaigonga na kuihifadhi. Pombe kali haikutakiwa kuzidi painti moja kwa mtu mmoja kila siku kumi. Ukishika nakala ya fomu hiyo ukasoma mwandiko wa daktari anayemwagiza mgonjwa anywe wiski kijiko baada ya chakula, swali linajileta lenyewe, kwa sababu mwaka 1917 chama cha madaktari wa Marekani kilikuwa kimepitisha azimio la kukatisha tamaa matumizi ya pombe kama dawa, na miaka michache tu baadaye kuna madaktari walioshtaki serikali kwa kuwawekea kiwango. Je, ilikuwa tiba iliyobadilika, ama fedha, ama heshima ya taaluma isiyotaka kuamriwa na wanasiasa? Mradi mzima unaweza kujengwa juu ya karatasi hiyo moja.

Kuna jambo ambalo siwezi kulisoma kwa utulivu. Spiriti ya viwandani ilikuwa inatiwa sumu kwa amri ya serikali ili isinywewe, kama ilivyokuwa desturi tangu 1906, lakini wafanyabiashara wa magendo walipoanza kuiiba na kuisafisha, katikati ya miaka ya 1920 serikali iliongeza sumu, hasa methanoli, huku ikijua kwamba spiriti hiyo inaishia kwenye glasi za watu. Charles Norris, mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jiji la New York, alisimama hadharani akailaumu serikali, akaeleza kwamba wanaokufa ni wale wasioweza kununua pombe nzuri. Mwaka 1930 likafuata janga la dawa ya tangawizi iliyoitwa Jamaica Ginger, ambayo ilikuwa na alkoholi nyingi na iliuzwa kwa bei ndogo. Watengenezaji waliitia kemikali ya viwandani ili kudanganya vipimo vya serikali, na kemikali hiyo ikaharibu mishipa ya fahamu, maelfu kwa maelfu ya watu maskini wakapooza miguu. Katika rasimu nyingi Capone hupewa kurasa nne na watu hawa hawapewi hata mstari. Naomba walimu wasiliache hilo lipite.

Kuhusu Capone mwenyewe inatosha kusema kwamba alipatikana na hatia Oktoba 1931 kwa kukwepa kodi ya mapato, kodi ileile iliyokuwa imeirahisishia marufuku kupita.

Upande wa takwimu unahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mwanafunzi anayeandika kwamba hakuna aliyeacha kunywa amekosea, na anayeandika kwamba Wamarekani walikunywa zaidi kuliko kabla ya marufuku amekosea zaidi. Hakuna aliyeweka kumbukumbu ya mauzo ya pombe ya magendo, kwa hiyo wataalamu hukadiria kwa kupitia dalili, kama vile vifo vya ugonjwa wa ini na watu waliokamatwa kwa ulevi. Makadirio yanayotumiwa sana, ya wachumi wawili mwaka 1991, yanaonyesha kwamba unywaji ulishuka ghafla mwanzoni hadi karibu asilimia 30 ya kiwango cha awali, kisha ukapanda katika miaka iliyofuata hadi asilimia 60 au 70. Vifo vya wanaume kutokana na ini kusinyaa vilikuwa 29.5 kwa kila watu 100,000 mwaka 1911, na kufikia 1929 vilikuwa 10.7. Lakini sehemu ya kushuka huko ilianza kabla ya 1920, majimbo mengi yalipokuwa yameshaweka marufuku yake yenyewe na vita vilipopunguza pombe sokoni, na kwa hiyo haifai kuihesabia yote sheria moja. Mwanafunzi akiweza kuandika aya moja yenye sentensi hizo zote, bila kukimbilia kusema ilifaulu au ilishindwa, amekwisha kuwa mwanahistoria.

Kuna pia maneno yanayonukuliwa vibaya. Herbert Hoover, aliyekuwa rais kuanzia 1929, hutajwa kila mara kuwa aliiita marufuku “jaribio adilifu”. Alichoandika mwaka 1928, katika barua kwa Seneta William Borah, ni kwamba nchi imefanya jaribio kubwa la kijamii na kiuchumi, lenye nia adilifu na makusudi mapana. Aliyesifiwa uadilifu hapo ni nia, na matokeo hayakutajwa. Tofauti ni ndogo kwa jicho, lakini kumfundisha kijana aitafute barua badala ya kunakili maneno mawili yaliyokatwa ndiyo kazi yetu. Vivyo hivyo ripoti ya Januari 1931 ya tume ya Wickersham, iliyoundwa na serikali kuchunguza utekelezaji wa sheria: muhtasari wa pamoja unapinga kufutwa kwa marufuku, na anayeishia hapo ataandika kwamba tume iliiunga mkono, ilhali maelezo binafsi ya wajumbe yaliyoambatishwa yanaonyesha wengi wao wakitaka irekebishwe au ifutwe.

Kufutwa kwake nako kulikuja kwa njia ambayo walioishi wakati ule hawakuitarajia. Morris Sheppard, seneta wa Texas aliyelipeleka azimio la Marekebisho ya 18 katika Seneti, alisema mwaka 1930 kwamba uwezekano wa kuyafuta ni sawa na wa ndege mdogo kabisa anayefyonza maua kuruka hadi sayari ya Mirihi akiwa amefungiwa mkiani mnara wa Washington. Miaka mitatu baadaye yalifutwa. Mdororo wa uchumi ulikuwa umekausha kodi ya mapato, na serikali ikakumbuka ushuru wa bia. Pauline Sabin, mwanamke mwenye nafasi kubwa katika chama cha Republican, ambaye mwanzoni aliunga mkono marufuku akiwafikiria wanawe, alianzisha mwaka 1929 umoja wa wanawake wa kudai ifutwe, akieleza kwamba watoto wanakua wakiona sheria inadharauliwa kila siku. Hoja ya kulinda nyumba, ambayo wanawake wa Hillsboro waliizaa, iligeuzwa na wanawake wengine kuwa hoja ya upande wa pili. Marekebisho ya 21 yaliridhiwa tarehe 5 Desemba 1933, Utah ikikamilisha hesabu ya majimbo 36, na mpaka leo ndiyo marekebisho pekee ya katiba ile yaliyoridhiwa na mikutano maalumu ya majimbo badala ya mabunge yake. Hata hivyo yaliyaachia majimbo yaamue yenyewe. Mississippi, jimbo la kwanza kuridhia marufuku, ilikuwa ya mwisho kuifuta katika jimbo zima, mwaka 1966, kwa hiyo hata tarehe 1933 inayoandikwa kwenye kila jalada ni kweli kwa nchi na si kweli kwa kila mkazi wake.

Ombi langu kwa walimu wanaotoa mada na kwa wanaotunga miongozo ya kusahihisha ni dogo. Waache kumpa mwanafunzi swali pana la kama marufuku ya pombe ilifaulu, kwa sababu linamvuta moja kwa moja kwenye jibu ambalo tayari ameliona kwenye filamu. Wampe jimbo moja, waraka mmoja, au miaka miwili mitatu. Kansas, kwa mfano, ilipiga marufuku pombe katika katiba yake tangu 1881, na vilabu viliendelea kufunguliwa waziwazi hivi kwamba mwaka 1900 Carry Nation alianza kuvivunja kwa mawe, na baadaye kwa shoka, akisema havina haki ya kulindwa kwa kuwa ni haramu tayari. Kwa nini taifa lililokuwa limeyaona hayo kwa miaka karibu 40 liliamua kufanya jambo lilelile kwa nchi nzima? Ndilo swali alilolichagua yule kijana wa penseli baada ya kufuta ukurasa wake, na sasa anasoma taarifa za magazeti ya Wichita ya mwaka 1900, polepole, akiwa na kamusi pembeni.

Wako,
Mwalimu wa historia